"Mwanamke wa Kwanza": Kirai Kinachohitaji Kukamilishwa

Makala haya yanachunguza kirai "mwanamke wa kwanza" kinavyotumika katika wasifu wa Orie Rogo Manduli (1948–2021), aliyeshiriki mbio za magari za Safari Rally mwaka wa 1974 pamoja na Sylvia Omino.

Si ajabu kusikia Orie akitajwa kuwa mwanamke wa kwanza katika mbio hizo. Dai hilo halisimami. Mbio zilianza mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na mwaka wa 1962 Mwingereza Pat Moss alimaliza wa tatu akiendesha Saab. Orie alikuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza. Neno "Mwafrika" likidondoshwa, historia hupotoka mara mbili: Moss anafutwa, na kizuizi alichokivuka Orie kinafichwa. Katika miaka hiyo usukani ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa walowezi, Waasia na wageni kutoka Ulaya. Orie alivuka mpaka wa jinsia na wa rangi kwa mkupuo mmoja, na kirai kilichopunguzwa hutaja mmoja tu.

Sarufi yetu haina lawama. Nomino "dereva" imo katika ngeli ya A-WA, na sentensi "dereva alishinda" haibainishi jinsia. Ni sisi watumiaji tunaoongeza "wa kike". "Dereva wa kiume" ni nadra kusikika, na unadra huo ndio ushahidi. Linganisha habari za Maxine Wahome, aliyeshinda kitengo cha WRC3 huko Naivasha mwaka wa 2022. Aliposifiwa kuwa mwanamke wa kwanza kushinda kitengo hicho, kirai kilikuwa kimekamilika, kwa kuwa kitengo kilitajwa.

Watafiti wa Embu na Meru wana uwanja tayari. Mashindano ya zamani yaliuzunguka Mlima Kenya kupitia miji hii, aghalabu wakati wa Pasaka, mvua za masika zikigeuza udongo mwekundu kuwa utelezi. (Wapo wazee wanaokumbuka kusukuma magari yaliyokwama!) Waulizwe, kwa Kimeru na Kiembu, walimwitaje dereva alipokuwa mwanamke. Majibu yarekodiwe kwa maneno yao wenyewe kabla ya kufasiriwa kwa Kiswahili, maana ni katika tafsiri ambapo neno kama "Mwafrika" huanguka bila kuonekana.