Mshika Bendera na Daftari la Majeruhi: Somo kutoka Barabara ya Bukene

Katika daftari la wagonjwa wa nje, maneno "ajali ya barabarani" huwakusanya watu wa aina nyingi. Yumo dereva wa bodaboda aliyeteleza mwenyewe, yumo mtoto aliyegongwa akitoka shuleni, na yumo kibarua aliyekuwa akifukia mashimo kwa koleo wakati lori lilipomjia kutoka nyuma. Wawili wa kwanza walikuwa safarini. Wa tatu alikuwa kazini, na jeraha lake lingeweza kuzuiliwa kabla hajashika koleo. Somo hili linamhusu huyo wa tatu, na linawahusu pia wanaompokea kituoni.

Bukene iko katika Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza. Barabara itokayo Tabora kupitia Mambali hupita hapo kuelekea Itobo. Unyamwezi ni nchi iliyozoea wasafiri. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilikatiza huku, na mbele yake alitangulia kirangozi, aghalabu akiwa na bendera. Bendera ile ilitangaza msafara ni wa nani. Bendera ya mfanyakazi wa barabara ina kazi ngumu zaidi: kumsimamisha mtu asiyemfahamu, mwenye haraka, aliyeketi ndani ya tani kadhaa za chuma.

Tuanze na hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde mbili kuona, kuelewa na kukanyaga breki, mita 44 zimekwisha pita kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Kwenye lami kavu litahitaji mita nyingine 35 hivi. Kwenye changarawe, ambako matairi hayashiki vema, umbali huo wa breki huweza kuongezeka maradufu, na jumla ikapita mita mia moja. Kwa hiyo mshika bendera anayesimama hatua ishirini mbele ya wenzake hawalindi. Yeye ndiye wa kwanza kugongwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kifo kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Kila kilomita anayopunguza dereva kabla ya kufika penye kazi ni kinga, kama ilivyo chanjo.

Kiangazi huongeza shida nyingine, nayo ni vumbi. Gari likipita kwenye barabara ya udongo huacha wingu nyuma yake, na dereva anayefuata haoni bendera wala mtu. Hapa nasisitiza jambo ambalo wasimamizi wengi hulichukulia kama anasa: kumwagia maji eneo la kazi. Maji hayo humfanya mfanyakazi aonekane, na humpunguzia pia vumbi lenye silika, ambalo likivutwa kwa miaka huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usioponyeka unaomweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu.

Mafunzo yenyewe hufundisha kuigawa barabara. Kwanza ni sehemu ya tahadhari, yenye vibao vya kumwandaa dereva mapema. Kisha koni hupangwa kwa mshazari, zimwondoe polepole kwenye njia yake ya kawaida. Baada ya koni huachwa nafasi tupu, halafu ndipo wanapokaa watu na mashine. Nafasi hiyo tupu ndiyo inayovunjwa mara nyingi kuliko zote. Mchana jua likikaza, mtu huiona kuwa mahali pazuri pa kuegesha mkokoteni wa maji au kurundika kokoto. Isiwekwe kitu. Ipo ili dereva akikosea, kosa lake liishie pale.

Mshika bendera hufundishwa kusimama ukingoni akiyaelekea magari, asiyape mgongo, na kujua mapema atakimbilia upande gani. Havai tu kizibao cha kuakisi mwanga. Hukagua kama bado kinaakisi, maana kilichofubaa kwa vumbi na jua ni nguo kama nguo nyingine. Pale ambapo njia moja tu iko wazi na washika bendera wawili hawaonani, upo ufundi wa zamani usiohitaji redio: dereva wa mwisho wa kundi hupewa kijiti akakabidhi upande wa pili. Kijiti kikifika, njia ni tupu. Mbinu hii humtegemea dereva, hivyo na wapanda baiskeli, bodaboda na wachunga ng'ombe wahesabiwe katika kundi.

Kibao cha kwanza kukutana na dereva ndicho huwekwa kwanza, na wakati wa kufunga kazi ndicho hutolewa mwisho. Kazi ikiisha, viondolewe vyote. Dereva aliyepunguza mwendo mara tatu kwa ajili ya vibao vilivyosahauliwa, bila kukuta mtu, mara ya nne hapunguzi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haimbagui kibarua wa wiki mbili na fundi wa kudumu. Lakini kibarua ndiye anayekabidhiwa bendera asubuhi ya siku ya kwanza, kwa sababu inadhaniwa ni kazi nyepesi. Naona huo ni upotofu mkubwa. Bendera apewe aliyefunzwa, na apokewe zamu kabla hajachoka. Mtu aliyesimama juani bila maji hupoteza umakini muda mrefu kabla ya kuanguka.

Ajali ikitokea, zuieni magari kwanza pande zote mbili, ndipo mumwendee majeruhi. Bana kwa nguvu panapotoka damu. Anayelalamika shingo au mgongo asiketishwe wala kukunjwa kwenye pikipiki.

Mhudumu wa afya, tiba ya dharura haisubiri fomu ya PF3. Hali ikitulia, uliza: ulikuwa unafanya nini, kwa nani, na palikuwa na vibao? Kisha andika kwa ukamilifu: "Amegongwa na lori akiwa kazini, akishika bendera, barabara ya Bukene–Itobo, saa nne asubuhi, hakuna koni." Nawe mgonjwa, yaseme hayo hata usipoulizwa, na mjulishe mwajiri mapema. Waajiri wa Tanzania Bara, wa umma na wa binafsi, wanatakiwa kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na dai la fidia huanza na kuthibitisha kwamba uliumia kazini.