KUFUNGUA MILANGO BAADA YA MARADHI



Muulizaji mmoja wa Ng'ambo, Unguja, aliyeingia katika Jumuiya si zamani, ameleta swali ambalo wengi wanalo moyoni ijapokuwa hawalitamki. Asema kwamba siku za Korona alikaa nyumbani na mama yake mzee, akaacha kwenda Ijumaa. Wenzake wa barazani wakamwambia kuwa imani yake ni dhaifu, kwani ajali ya mtu haisogei. Tena watu walipokusanyika upya akasali katika safu yenye nafasi, akaambiwa kuwa hiyo si sala. Je, alikosa?

Kwanza tukumbuke yaliyopita. Machi 2020 maradhi hayo yalithibitishwa Zanzibar na shule zikafungwa. Tarehe 6 Juni 2020 Zanzibar ikawafungulia tena watalii, na tarehe 29 Juni shule zilizosalia nchini Tanzania zikafunguliwa. Lakini tangu Mei hesabu ya wagonjwa ilikuwa haitangazwi tena, na wengi wakadhani kuwa mlango ukifunguliwa ndiyo dalili ya kwamba maradhi yamekwisha. Haikuwa hivyo. Mwisho wa Januari 2021 ilitangazwa kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa, na tarehe 17 Februari akafariki dunia. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Shirika la Afya Duniani halikutangaza mwisho wa dharura hiyo mpaka tarehe 5 Mei 2023.

Anayeijua Ng'ambo anajua jinsi nyumba zilivyobanana, na jinsi bibi, wazazi na watoto wanavyolala chini ya paa moja. Kijana mwenye nguvu hukohoa siku mbili akapona. Lakini alichokichukua katika daladala au sokoni Darajani amekwisha kukifikisha kwenye kitanda cha bibi yake. Basi swali la muulizaji wetu si la woga wake yeye. Ni la haki ya mama yake.

Sasa tutazame mafundisho ya Islam. Sayidina Umar (r.a.) alipokuwa akielekea Shamu alifika Sargh, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na Masahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida (r.a.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kuwa anaikimbia kadari moja kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu huyohuyo, kama mchungaji anayeacha upande mkavu wa bonde akalisha upande wenye majani. Ndipo Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume Mtukufu (s.a.w.): nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Inasimuliwa pia kwamba baadaye Amr bin al-As (r.a.) aliwatawanya watu milimani, na maradhi yalipoondoka ndipo wakarejea. Hakuna aliyewaita wanafiki kwa kutawanyika, wala kwa kurejea.

Wako wanaotaja kitabu cha Masihi Mauudi (a.s.), Kishti-e-Nuh cha mwaka 1902, wakidai kuwa kinakataza chanjo. Nadhani wengi wao hawajakisoma. Humo aliisifu serikali kwa kuwahurumia raia kwa chanjo ya tauni, akaeleza kuwa yeye na waliomo nyumbani mwake wamejizuia kwa sababu ya ahadi maalumu ya Mungu iliyokuwa ishara. Lau si ishara hiyo, wangelikuwa wa kwanza kuchanjwa. Ni nani kati yetu aliyepewa ahadi ya namna ile kuhusu Korona? Khalifatul Masih V (a.t.b.a.) aliwahimiza wanajumuiya kufuata tahadhari na kusali kwa jamaa majumbani, Jalsa Salana ya Uingereza haikufanyika 2020, na 2021 ikafanyika kwa watu wachache. Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, naye alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021.

Kuhusu safu, tutazame Makka. Umra ilifunguliwa tarehe 4 Oktoba 2020 kwa watu 6,000 tu kwa siku, kisha wakaongezwa kwa hatua. Na katika Msikiti Mtakatifu watu walirudi kusimama bega kwa bega Oktoba 2021, baada ya zaidi ya mwaka. Kukaza safu ni sunna iliyosisitizwa, nasi tumeirudia kwa furaha. Lakini nafasi iliyoachwa kwa udhuru haikuibatilisha sala, kama vile asimamaye kwa gongo kwa sababu ya ugonjwa sala yake haibatiliki.

Maradhi mengine yakija, nayo Unguja imekwisha kuonja kipindupindu mara nyingi, mwenye homa na akae kwake hata kama msikiti u wazi, Mtume (s.a.w.) alikataza ngamia wagonjwa wasipelekwe kwa wazima. Na katika siku ya mvua kubwa Ibn Abbas (r.a.) alimwamuru mwadhini awaambie watu wasali majumbani, akasema kuwa aliyembora kuliko yeye alifanya hivyo. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Ndugu yetu aliyesali Adhuhuri pamoja na mama yake hana Ijumaa ya kulipa.