Usikwangue Kwanza: Kutafuta Rangi za Asili za Majengo ya Kale, Lodwar na Kakuma

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko ya aina moja, yanayorudi kila jengo la zamani linapokarabatiwa. Fundi anafika asubuhi na msasa, kufikia jioni ukuta uko uchi, na kesho yake ndipo mtu anauliza rangi yake ya kwanza ilikuwa ipi. Wakati huo hakuna tena wa kumjibu, kwa kuwa shahidi pekee amekwanguliwa na kupeperushwa na upepo. Tumelisema jambo hili barazani, tumelisema ofisini, na sasa tunaliandika ili asiwepo wa kudai kwamba hakuambiwa: usikwangue kabla ya kuchukua sampuli. Anayesimamia kazi akishika agizo hili moja tu na kusahau mengine yote, bado ameokoa jengo.

Nani anahusika

Majengo yaliyotangazwa kuwa turathi yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, na hayaguswi bila idhini ya maandishi. Mwenye shaka kuhusu jengo lake aulize kwanza, kisha afungue kopo. Kwa majengo mengine ya zamani, ya serikali, ya misheni au ya watu binafsi, utaratibu huu ni ushauri, lakini hatari tutakayoieleza hapa chini haijali jengo ni la nani.

Reli haijafika, kwa nini tuzungumzie stesheni?

Mkazi wa Lodwar ana haki ya kuuliza hivyo. Ushoroba wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, nayo reli yake ya kupita Turkana kuelekea Sudan Kusini ingali kwenye michoro. Njia ya reli iliyo karibu nasi iliishia Kitale, tawi lililofika huko mwaka 1926. Tunachokiazima kutoka stesheni ni mbinu. Jengo la reli hupakwa rangi mara nyingi kuliko nyumba ya kawaida, na kila mmiliki mpya hutaka lifanane na yeye. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilianza kwa jina la Reli ya Uganda, ikawa Reli ya Kenya na Uganda katika miaka ya 1920, ikaingia katika Reli na Bandari za Afrika Mashariki mwaka 1948, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 ikabaki kwa Shirika la Reli la Kenya. Mlango mmoja wa stesheni ya kale unaweza kubeba koti za vipindi hivyo vyote, moja juu ya nyingine. Ndiyo maana duniani kote wanaokarabati stesheni wamelazimika kujifunza kusoma tabaka za rangi kabla ya kuzigusa.

Historia ya majengo ya Turkana nayo ina vipindi vyake: utawala wa kikoloni, uhuru wa 1963, serikali ya kaunti tangu 2013. Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959, aliwekwa kizuizini Lodwar hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Gereza la Kapenguria, ambako yeye na wenzake watano walishikiliwa wakati wa kesi yao, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1993. Anayetembelea mahali kama hapo anataka kujua mfungwa aliona nini alipofumbua macho. Rangi ya ukuta ni sehemu ya jibu hilo, na haiwezi kubuniwa. Kakuma ni ya baadaye kidogo, maana kambi ilianza mwaka 1992, lakini zaidi ya miaka thelathini imeshapita, na milango ya shule na zahanati hubadilishwa rangi wafadhili wanapobadilika. Tena, mafundi wa Kakuma ndio wanaoitwa kufanya kazi katika miji mingine ya kaunti. Wanachozoea huko ndicho watakachofanya kwingine.

Kwa nini picha na kumbukumbu hazitoshi

Pingamizi la kwanza ni kwamba wazee wanakumbuka. Wanakumbuka kweli, na ushuhuda wao uandikwe mapema, tena kwa heshima. Lakini mzee aliyezaliwa baada ya jengo kupakwa rangi mara ya pili hawezi kukumbuka mara ya kwanza, na rangi aliyoiona ilikuwa tayari imepauka kwa jua la Turkana. Pingamizi la pili ni kwamba zipo picha za zamani. Picha nyingi za wakati huo hazina rangi, na filamu za kale za aina ya othokromatiki hazikuhisi wekundu: mlango mwekundu hutokea karibu mweusi, na wa buluu hutokea mweupe. Aliyekisia kwa macho kutoka picha ya namna hiyo huenda akapaka kinyume kabisa cha ukweli. Nyaraka zilizohifadhiwa Nairobi zinaweza kutaja rangi kwa jina, na orodha ya viwango vya rangi za Uingereza iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1930 husaidia kuelewa majina hayo. Hata hivyo karatasi inaeleza kilichoagizwa, si lazima kilichopakwa. Ukuta pekee ndio unaobeba kilichopakwa. Wachungaji wa hapa wanalijua hili vizuri: nyayo za juu mchangani ni za waliopita mwisho, na anayefagia mchanga kabla ya kuzisoma asitarajie kumpata mbuzi wake.

Jinsi ya kuchukua sampuli

Vifaa ni vichache: kisu kidogo chenye makali, kioo cha kukuzia, bahasha za karatasi na penseli. Tafuta mahali ambapo jua na mikono havikufika, kama vile nyuma ya bawaba, chini ya kizingiti cha dirisha, nyuma ya bomba la maji, au ndani ya kabati lililojengewa ukutani. Lowesha mahali hapo kidogo, kisha kata kipande kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, ukifika hadi kwenye mbao, plasta au bati lenyewe. Chukua angalau viwili kwa kila sehemu: ukuta, mlango, fremu, mhimili, ukingo wa paa. Majengo mengi ya zamani yalipakwa rangi nzito sehemu ya chini ya ukuta ili kuficha matope na rangi nyepesi juu, kwa hiyo chukua juu na chini, la sivyo utaleta nusu ya habari. Andika kwenye bahasha chumba, sehemu, kimo kutoka sakafuni na tarehe. Bahasha isiyoandikwa ni takataka.

Hesabu tabaka kwa kioo, mchana, nje. Usihukumu rangi chini ya taa wala kwa picha ya simu, kwani vyote viwili huipotosha. Mstari wa vumbi kati ya tabaka mbili unaonyesha kwamba ile ya chini ilikaa wazi kwa muda mrefu, yaani ilikuwa rangi ya kuonekana. Pasipo mstari huo, huenda unatazama praima au andakoti tu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaona wekundu juu ya chuma na kutangaza kwamba dirisha lilikuwa jekundu, kumbe ni koti ya kuzuia kutu. Rangi ya mafuta iliyofichwa gizani nayo hugeuka manjano, kwa hiyo nyeupe inaweza kuonekana kama maziwa yaliyoungua. Kiache kipande kwenye mwanga siku kadhaa kabla ya kukilinganisha na kadi ya rangi.

Hatari ambayo haionekani

Rangi za zamani mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi: katika nyeupe, katika manjano, na katika ile praima nyekundu ya chuma. Leo kiwango cha Kenya hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika milioni moja ya rangi, lakini koti ya mwaka 1940 haikusoma kiwango hicho. Ukikwangua kikavu, ukitumia mashine ya msasa au ukichoma rangi kwa moto, unaigeuza sumu hiyo kuwa vumbi na moshi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto huathirika ubongo, na mjamzito humpitishia aliye tumboni. Mifugo haisalimiki: ng'ombe hulamba mabaki ya rangi na kufa kwayo. Kwa hiyo mabaki yasitupwe kwenye laga, si Kawalase wala Tarach. Watoto na wajawazito wakae mbali, eneo lilowe maji, vumbi lisifagiliwe likiwa kavu, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kipande cha sampuli kikipimwa maabara kitaonyesha pia kama kuna risasi. Sampuli ile ile inayohifadhi historia ndiyo inayomwonya fundi, na hilo ni jibu tosha kwa anayesema kwamba kazi hii ni anasa ya wasomi.

Kwa nini tutunze rangi za mkoloni?

Hili ndilo pingamizi zito, na tunalipokea. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Kuingia na kutoka kulihitaji ruhusa, na majengo mengine yalijengwa ili kuwabana watu wa hapa. Wapo watakaotaka kuyapaka rangi za furaha na kusonga mbele. Lakini kujua rangi ya kwanza hakumlazimishi mtu yeyote kuirudisha. Kamati inayosimamia ukarabati inaweza kuchagua koti ya 1963, au koti mpya kabisa, ikiwa na sababu zake. Anayekwangua kabla ya sampuli anaichagulia kamati bila kuiuliza, na anawanyima wajukuu ushahidi wa walivyotendewa babu zao. Seli iliyopakwa rangi ya harusi haimdhuru mkoloni aliyekwisha kuondoka. Inamdanganya mtoto wa Lodwar.

Kuhusu gharama, kazi ya sampuli ni ya siku moja au mbili kwa jengo dogo, na rangi iliyokwanguliwa hairudishwi kwa fedha yoyote. Kwa hiyo zabuni ya ukarabati itaje sampuli kuwa kazi ya kwanza, kabla ya msasa na kabla ya jukwaa. Anayejitolea kupaka jengo bure kwa rangi za matangazo yake apewe utaratibu huu huu. Na mkandarasi anayedai malipo ya kukwangua bila kuonyesha bahasha zilizoandikwa asitiliwe saini.