MJUE NGUVA: UMBO, MWENDO NA MALISHO YAKE

Mvuvi anayetega jarife jioni na kulipandisha alfajiri anaweza kumkuta ndani yake mnyama ambaye hakumkusudia: nguva. Mara nyingi huwa amekwisha kufa, ingawa hana jeraha lolote kubwa. Sababu imo katika maumbile yake.

Si samaki

Nguva ni mnyama wa baharini anayezaa na kunyonyesha. Kwa ukoo, yuko karibu zaidi na ndovu kuliko pomboo au nyangumi. Hana matamvua kama samaki. Hupumua hewa kwa mapafu, na kwa kawaida huibuka kila baada ya dakika chache. Akinaswa chini na kushindwa kufika juu, hufa kwa kukosa pumzi. Wavu ulioachwa usiku kucha bila mtu hauna nafasi ya kumwokoa.

Umbo na mwendo

Nguva mkubwa hufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400 au zaidi. Mifupa yake ni mizito na imeshikamana, nayo humsaidia kutulia chini ya maji kama farumi inavyotuliza jahazi. Mapafu yake ni marefu na yamelala kando ya mgongo, hivyo mwili hukaa sawa bila kupinduka. Matundu ya pua yako juu ya mdomo na hujifunga anapozama.

Husukumwa na mkia uliogawanyika pande mbili kama wa pomboo, huku mapezi ya mbele yakimwongoza. Hapo ndipo anapotofautiana na jamaa yake manatii wa Afrika Magharibi na Marekani, ambaye mkia wake ni wa mviringo kama kafi. Mwendo wa nguva ni wa polepole, na huenda mbio kwa muda mfupi tu anaposhtuka.

Malisho

Chakula chake kikuu ni nyasi za baharini, ambazo huota penye maji machache yanayofikiwa na jua. Mdomo wake umeelekea chini na una nywele ngumu zinazomsaidia kupapasa majani hata maji yakiwa machafu. Hung'oa mmea pamoja na mizizi yake na kuacha njia nyembamba mchangani. Kwa siku anaweza kula kilo 40. Utumbo wake mpana, unaoweza kufikia mita 25, husaga chakula hicho taratibu.

Malisho hayo ndiyo makulia ya samaki wadogo na kamba, kwa hiyo wavuvi nao hutega hapo. Nguva na wavu hukutana mahali pamoja.

Kwa nini kila mmoja ni muhimu

Jike hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, huzaa ndama mmoja, kisha hukaa miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena. Nguva anaweza kuishi miaka 70, lakini jike mmoja akifa, pengo lake huchukua miaka mingi kuzibwa. Mwaka 2022, nguva wa pwani ya Afrika Mashariki waliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Waliobaki wenye umri wa kuzaa hawafiki 250.

Wakazi wanaweza kusaidia hivi:

• Kutotega jarife juu ya malisho ya nyasi, wala kuacha wavu bila mwangalizi.
• Kukata wavu mara moja nguva anaponaswa akiwa hai, na kuinua kichwa chake juu ya maji apumue.
• Kupunguza kasi ya boti penye maji machache.
• Kutotia nanga wala kukokota juya juu ya nyasi.
• Kutonunua wala kuuza nyama au mafuta ya nguva. Mnyama huyu analindwa na sheria za Kenya.
• Kutoa taarifa kwa BMU au ofisi ya KWS iliyo karibu kila nguva anapoonekana, awe hai au amekufa.