Diski Mbili kwa Kazi ya Moja: Ulinzi wa Kumbukumbu kwa Gharama Nafuu

Ndani ya diski ya sumaku ya kompyuta mna sahani zizungukazo, mara nyingi kwa mizunguko 5,400 au 7,200 kila dakika. Chombo cha namna hii hakikosi kuchakaa, na hakuna ajuaye siku kitakapokoma.

Hatari hiyo huzidi katika shule, zahanati au ofisi ndogo yenye seva moja tu. Zipo programu ziiwezeshazo kompyuta moja kufanya kazi kana kwamba ni kadhaa: moja hutunza hesabu, nyingine barua, nyingine orodha ya wagonjwa. Hizo huitwa mashine pepe. Utaratibu huu huokoa fedha na umeme; lakini ikiwa zote zimewekwa katika diski moja, kufa kwa diski hiyo ni kufa kwa zote.

Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha pendekezo la kutumia diski nyingi za bei nafuu mahali pa moja ya bei ghali. Walionyesha pia tatizo lake: ikiwa diski moja hudumu kwa wastani wa saa 30,000, basi katika kundi la diski 100 mojawapo itaharibika baada ya wastani wa saa 300, yaani kabla ya majuma mawili kwisha. Kwa hiyo sharti kundi liwe na ziada ya kufidia diski iliyokufa. Mpango huo ndio uitwao RAID.

Njia ya kwanza ni kioo. Kila kiandikwacho katika diski ya kwanza huandikwa pia katika ya pili. Diski mbili za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 4 tu, lakini moja ikifa kazi huendelea.

Njia ya pili hutumia tarakimu ya ukaguzi. Kompyuta huandika kila kitu kwa tarakimu 0 na 1. Tuseme diski A ina 1 na diski B ina 0. Diski C huwekewa tarakimu itakayofanya jumla ya zote tatu igawanyike kwa mbili, yaani 1. Diski A ikiharibika, hubaki 0 na 1. Ili jumla igawanyike kwa mbili, tarakimu iliyopotea lazima iwe 1. Diski tatu za terabaiti 4 hutoa terabaiti 8. Hata hivyo, badiliko dogo huweza kudai kusoma mara mbili na kuandika mara mbili. Kwa kuwa mashine pepe huandika vipande vidogo vidogo mahali pengi, kioo huzifaa zaidi.

Mwenye fedha kidogo halazimiki kununua kadi maalumu ya kuongoza diski. Mfumo wa Linux unayo programu ya kazi hiyo bila malipo. Na ZFS huongeza uwezo wa kutambua data iliyoharibika kimyakimya. Yafaa kuzingatia haya:

1. Diski ziwe za ukubwa mmoja, kwani katika kioo iliyo ndogo ndiyo huamua nafasi.
2. Zisitoke katika fungu moja la kiwandani, zisije zikafa pamoja.
3. Programu iwekwe itoe taarifa diski inapokufa. Kioo kilichobaki na upande mmoja bila mtu kujua si kinga tena.
4. Diski mpya iwekwe upesi. Kunakili terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 7, na muda huo wote hakuna ziada.

Lakini kioo si akiba. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa pande zote mbili papo hapo. Mwizi, moto au radi haibagui diski. Kwa hiyo nakala nyingine ihifadhiwe katika jengo jingine, nayo ijaribiwe kurejeshwa mara kwa mara. Akiba haiozi, ila ile isiyokaguliwa.

Zoezi: Diski B ina 1 na diski C, yenye tarakimu ya ukaguzi, ina 0. Diski A iliyokufa ilikuwa na tarakimu gani? (Jibu: 1.)