Mgahawa Mpya wa Mtaani: ya Kufanya na ya Kutofanya

Mikocheni, Kijitonyama, Mbezi Beach, Tabata: kila baada ya miezi michache nyumba fulani ya familia inabomolewa ukuta wa mbele, inapakwa rangi ya kijivu, inatundikiwa taa za nyuzi kwenye mwembe, na kufumba na kufumbua ni mgahawa. Menyu haishikiki mkononi, unaisoma kwa kuskani alama iliyobandikwa mezani. Juisi ya ukwaju inaletwa kwenye chupa ya jamu. Ikifika Ijumaa jioni kundi la WhatsApp linachachamaa: twendeni. Nendeni. Ila Dar es Salaam imejaa watu wazima wasiojua kula na wenzao hadharani, na wengi wao ni wasomi. Yafuatayo si maombi.

Taja pesa kabla hujataja mahali. Hili nalirefusha makusudi, kwa sababu ndilo linalovunja urafiki. Anayekualika nyumbani kwake anakulisha, hilo halina mjadala wala halihitaji kutangazwa. Mgahawani desturi hiyo haifiki, na hakuna aliyetangaza nyingine. Matokeo yake watu wanane wanakaa mezani, saba wakiamini mwenye siku ya kuzaliwa ndiye atakayelipa, na yeye akiamini kwamba wamemtoa. Kwa hiyo mmoja aandike kundini mapema: "Kila mtu anajilipia." Au: "Tunachanga elfu arobaini kila mmoja." Au: "Leo ni ofa yangu, ila vinywaji vikali mjilipie." Kuandika hivyo hakumalizi dakika. Migahawa mingi mipya huweka bei zake Instagram, zitazame. Kama kiasi hicho hukiwezi mwezi huu, sema "safari hii sipo" na ulale. Usije ukitegemea huruma itatokea palepale mezani.

Nawe mwenye nazo, usiwachagulie watu wanane mahali kwa kipimo cha mfuko wako. Mwalimu wa shule ya msingi aliye katika kundi lenu atakuja kwa kuona haya, atakula chipsi kavu usiku kucha, na atasema ameshiba. Unajua hajashiba.

Usiandike "nipo njiani" wakati uko bafuni. Foleni ya Barabara ya Mwai Kibaki haikuanza leo. Waliofika wasubiri nusu saa, kisha waagize, na mchelewaji asinune.

Weka nafasi kwa idadi ya kweli. Ukisema sita mkaja kumi na mmoja, usimkasirikie kijana anayehangaika kuunganisha meza.

Msalimie mlinzi getini. Akiwa mzee, shikamoo haikupunguzii kitu, hata kama umeshuka kwenye gari kubwa. Na gari hilo usilipaki mbele ya geti la jirani. Jirani huyo hakuulizwa kama anataka mgahawa, na sasa anasikia muziki wake hadi saa sita usiku.

Usimwite mhudumu kwa mluzi, kwa makofi, wala kwa "wewe!" Yuko "dada samahani", yuko "kaka samahani". Chakula huombwa: "naomba samaki", si "nipe samaki", na si kidole kinachogonga kioo cha simu huku umenyamaza. Wahudumu wa mgahawa mpya wenyewe ni wapya, wengine ni watoto wa mtaa huohuo. Huyo unayemfokea leo kwa sababu ya barafu, kesho asubuhi mtapanga naye foleni ya mkate dukani kwa Mangi.

Kabla ya kuagiza sahani ya pamoja, uliza nani hali nini. Sinia likija na kitimoto kimepangwa ubavuni mwa mbuzi, umemfukuza rafiki yako Mwislamu mezani bila kutamka neno. Muulize mhudumu kama jiko la kuchomea ni moja kwa nyama zote. Swali hilo uliulize wewe, usimwachie yeye mwenye dini yake, aonekane msumbufu. Mwezi wa Ramadhani meza iwe ya baada ya magharibi, na anayefungua apate tende na maji kwanza, ndipo mbishane mkae upande gani ili picha zitoke vizuri. Na asiyekunywa pombe asiambiwe "onja hata moja". Hakuja kufundishwa.

Uliza bei ya samaki kwa kilo, na apimwe ukiona, kabla hajaingia kwenye mafuta. Menyu inayosema "bei kulingana na ukubwa" ni halali kabisa, lakini ukubwa huo ukitajwa baada ya wewe kubakiza mifupa, huna hoja tena. Uliza pia ni nini kimetoka soko la samaki la Feri leo. Mhudumu asiyejua akaulize jikoni, ni kazi yake. Pweza wa pwani hii wengi huvuliwa mwambani maji yanapokupwa sana, siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mgahawa unaokuapia kwamba pweza wake ametoka baharini asubuhi ya leo, kila siku ya mwezi, una friza nzuri. Pweza wa friza si dhambi, tena kugandishwa humlainisha. Kosa ni kumlipia bei ya aliyekuwa majini alfajiri.

Ukiagiza kuku wa kienyeji, subiri. Kuku huyo ana misuli ya kukimbizana na watoto, haivi kwa dakika ishirini. Mwenye haraka aagize wa kisasa.

Piga picha moja, kisha ule. Wali wa nazi uliopoa kwa sababu ya kamera hautapashwa kwa gharama za mgahawa. Picha isichukue meza za wenzenu. Tangu Mei 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, lakini hata bila sheria, hujui yule bwana wa nyuma yako nyumbani kwake ameaga anakwenda wapi.

Simu ya spika mezani: hapana.

Usichovye uma kwenye sahani ya mwenzio kwa sababu amekuambia "karibu". Amekuonyesha adabu, mjibu "starehe". Akisukuma sahani kuelekea kwako, hapo kweli amekukaribisha.

Sasa bili. Isome, mstari kwa mstari, na usione aibu. Soda mbili ambazo hakuna aliyezinywa hupenda kusafiri na bili za meza kubwa. Kabla ya kuagiza, uliza kama bei za menyu zimejumlisha VAT. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, kwa hiyo chakula cha shilingi 200,000 ambacho hakikujumlishiwa kodi kitafika 236,000, na wapo wanaoongeza gharama ya huduma juu yake. Ukilijua hilo saa moja jioni utaagiza kwa akili. Ukilijua saa nne usiku utapiga kelele, na kelele hiyo atapigiwa mhudumu ambaye hakuandika menyu.

Mkusanya pesa awe mmoja, na awe mwenye hesabu, si mwenye sauti. Tofauti za vyakula zikiwa ndogo, gawaneni sawa, msitoe kikokotoo kwa ajili ya chapati. Lakini kama mmoja amekunywa chupa nzima ya mvinyo na mwenziwe amekunywa maji, mgawo sawa ni dhuluma. Wa kulisema hilo ni mnywaji, na aliseme wa kwanza. Akinyamaza, mkusanyaji amkate kilicho chake bila tabasamu la kuomba radhi.

Fungu lako lilipe kabla hujainuka kitini. "Nitakutumia nikifika nyumbani" ni deni ambalo mdai ataona haya kulidai, nawe unajua hivyo. Ukimtumia mwenzio kwa simu, tuma na ya kutolea. Ukilipa mwenyewe kwa Lipa Namba, tazama jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa jina la mtu badala ya la mgahawa, uliza. Hapohapo dai risiti ya EFD, si kile kikaratasi cha oda. Kaulimbiu ya TRA, ukiuza toa risiti na ukinunua dai risiti, haikumsemea muuzaji peke yake: mnunuzi asiyedai naye ana kosa kisheria.

Bakshishi mpe mhudumu mkononi, taslimu, kwa mkono wa kulia. Hapa kwetu asilimia kumi si amri, lakini meza iliyokula laki mbili na kuacha sarafu ya mia mbili imetukana. Kama bili ina gharama ya huduma, muulize kwa upole kama inamfikia. Jibu lake ndilo liamue.

Kilichobaki sema "nifungie", bila kunong'ona. Chakula umekilipia. Beba mfuko wako, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Mifupa ya mbwa wako iombe kwa heshima. Usifungiwe chakula cha mwenzio kabla hujamuuliza, hata kama amekisogeza pembeni.

Chakula kikiwa kibaya, mwambie mwenye mgahawa usiku huohuo. Mara nyingi ndiye yule aliyesimama karibu na kaunta, asiyekaa, anayetazama meza zote kwa wasiwasi. Mweleze nini hasa: chumvi, ugumu wa nyama, saa nzima ya kungoja. Kumbandika Instagram kabla hajasikia kutoka kwako ni ukatili wa bei rahisi. Kikiwa kizuri, rudi Jumanne. Ijumaa ya ufunguzi kila mtu yupo. Kodi ya nyumba na mshahara wa mpishi hulipwa na watu wa Jumanne.

Mwisho, yule ndugu yetu ambaye kila bili ikiletwa hutoka nje "kupokea simu" na kurudi imeshalipwa. Msimtanie, kwani utani ndio anaojifichia. Usiku huohuo mkusanyaji amtumie faraghani kiasi chake na namba ya kulipia. Akilipa, yameisha. Akiingia mitini mara ya pili, safari ijayo nafasi iwekwe ya watu saba.