SOMO LA AFYA: ZIBA UFA, FUKUZA PAPASI

Na Mganga Msaidizi wa Vijijini

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kusafisha nyumba ya udongo sisi wenyewe, bila fundi na bila gharama kubwa. Tutaeleza juu ya sakafu, kuta, kitanda, mikeka, zulia na meza. Huenda mzee mmoja akauliza, "Kijana huyu anataka kutufundisha kufagia?" La, hasha. Kufagia mnakujua kuliko mimi. Mimi nataka tuzungumze juu ya mahali ambapo ufagio haufiki.

Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni yako maswali ya kujadili.

ADUI NI NANI?

Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Ana miguu minane na ngozi ngumu yenye rangi ya udongo, kwa hiyo si rahisi kumwona. Akiwa na njaa huwa bapa, akishiba huvimba kama punje ya haragwe. Mchana hujificha ndani ya nyufa za ukuta, chini ya vumbi la sakafu, karibu na mafiga na chini ya mikeka. Usiku watu wanapolala hutoka, huwanyonya damu kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi katika maficho yake. Mara nyingi aliyeumwa hana habari.

Papasi huweza kuishi miaka kadhaa bila kula. Ndiyo sababu nyumba iliyohamwa zamani huweza kumdhuru mtu atakayekuja kulala humo. Tena papasi jike mwenye vijidudu vya ugonjwa huweza kuvirithisha kwa mayai yake, na watoto wake wakazaliwa navyo.

Ugonjwa anaoueneza huitwa homa ya papasi. Mwaka 1905 daktari Mwingereza, Joseph Everett Dutton, alikufa huko Kongo kwa ugonjwa huu huu aliokuwa akiuchunguza. Kijidudu kinachouleta kimepewa jina lake, kinaitwa Borrelia duttonii. Mwaka huo huo daktari Mjerumani, Robert Koch, alikuwa akichunguza papasi katika nchi yetu. Basi ugonjwa huu umejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja, na dawa yake ipo. Lakini katika nyumba zenye nyufa papasi bado wako.

DALILI ZA HOMA YA PAPASI

Mgonjwa hushikwa na homa kali ghafla. Hutetemeka, huumwa kichwa, viungo na mgongo, na pengine hutapika. Baada ya siku chache homa hushuka na mgonjwa hudhani amepona. Baada ya muda, pengine wiki moja, homa humrudia. Huenda na kurudi hivyo mara kadhaa. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za malaria, watu wengi hununua dawa ya malaria dukani na kunywa. Dawa hiyo haiui kijidudu cha papasi.

Wako wanaosema, "Papasi wa kwetu hawatudhuru, huwadhuru wageni." Maneno haya yana ukweli kidogo, na ukweli huo kidogo ndio unaotuponza. Mtu mzima aliyeumwa na papasi tangu utotoni hupata kinga kiasi, na homa yake huweza kuwa nyepesi. Mgeni hana kinga hiyo. Lakini mtoto mchanga naye ni mgeni katika nyumba yako, maana hana kinga ya kutosha. Na mama mjamzito, hata kama ni mwenyeji, ugonjwa humshika kwa nguvu. Mimba huweza kuharibika, mtoto huweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au kuzaliwa akiwa mfu.

Nitaeleza jambo moja nililoliona kazini. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba aliletwa zahanati na mama mkwe wake. Ilikuwa homa ya tatu katika mwezi mmoja. Mara mbili za kwanza alikunywa dawa za dukani. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha hana malaria. Tulimpeleka kituo cha afya, damu yake ikatazamwa kwa hadubini, vikaonekana vijidudu vilivyojisokota kama kamba. Alitibiwa akapona. Mtoto hakupona, alizaliwa siku ya pili akiwa amekwisha kufa.

Baadaye nilikwenda nyumbani kwao. Nyumba ilikuwa safi. Uwanja umefagiliwa, vyombo viko juu ya kichanja, sakafu haina hata jani. Yule bibi aliniambia, "Mjukuu wangu, nyumba hii hufagiliwa asubuhi na jioni. Uchafu uko wapi?" Nilimwomba tusogeze mkeka uliokuwa umelazwa kando ya ukuta. Mahali ukuta unapokutana na sakafu palikuwa na ufa wa upana wa kidole. Kwa kijiti tulitoa humo papasi kumi na mmoja. Bibi alinyamaza, akaenda kuchota udongo.

Ndugu msomaji, hakuna aibu katika jambo hili. Nyumba ya mtu mvivu huingia papasi, na nyumba ya mtu hodari huingia papasi. Aibu ni kumjua alipo na kumwacha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuanze kuziba.

KAZI YA SIKU TATU

Chagua siku za jua, wakati ambapo watu wa nyumbani wapo. Kazi hii si ya mama peke yake. Kuchimba udongo, kubeba maji na kushindilia sakafu ni kazi za wanaume na vijana pia.

Siku ya kwanza: toa vitu nje

1. Toa kila kitu chumbani: kitanda, magodoro, mikeka, ngozi, masanduku, magunia na nguo. Papasi haruki wala haendi mbali kwa miguu yake. Huhamishwa na sisi ndani ya mizigo. Kwa hiyo kagua mishono na mikunjo yote.

2. Kung'uta blanketi na mashuka mbali na nyumba. Yafue kwa sabuni na maji ya moto, kisha yaanike juani na kuyageuza upande wa pili.

3. Mimina maji yanayochemka katika viungo vya kitanda na kamba zake. Maji hayo huua papasi, na huua kunguni na mayai yao. Weka watoto mbali wakati wa kazi hii.

4. Mkeka wa ukindu usiulowanishe sana. Upige kwa fimbo pande zote mbili, upanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, uanike hadi ukauke kabisa.

5. Mwenye zulia asilifagie juu tu na kuliacha. Zulia lililotandikwa juu ya udongo ni maficho mazuri ya wadudu. Lining'inize juu ya kamba imara, lipige upande wa mgongo mpaka vumbi likome, ndipo usugue madoa kwa brashi na maji kidogo ya sabuni. Lisirudishwe ndani likiwa na unyevu, maana litaota ukungu na kunuka.

Siku ya pili: ondoa vumbi na maficho

1. Nyunyizia maji sakafuni kabla ya kufagia. Vumbi linalopeperuka huingia kifuani, hasa kwa watoto na wenye pumu.

2. Kwangua udongo uliolegea, unene wa vidole viwili au vitatu, hasa pembeni mwa kuta na karibu na mafiga.

3. Zoa udongo huo kwa debe. Usiumwage nyuma ya nyumba, maana papasi watarudi au watahamia kwa jirani. Utie katika shimo la mbali, umwagie maji yanayochemka, kisha ufukie.

4. Panua kila ufa kidogo kwa kijiti, utoe wadudu, umimine maji ya moto kwa uangalifu. Usimimine mengi mpaka ukuta ukalowa na kubomoka.

Siku ya tatu: ziba na siriba

1. Chimba udongo wa kichuguu, uchanganye na mchanga. Kwanza fanya majaribio. Finyanga matonge matatu yenye vipimo tofauti vya mchanga, uyaache kivulini siku mbili. Tonge lisilopasuka wala kumong'onyoka ndilo lenye kipimo kizuri. Majaribio haya yafanye mapema, kabla ya siku ya kwanza.

2. Lowanisha ufa kabla ya kuuziba ili udongo mpya ushike. Usukume udongo mpaka ndani kabisa, usipake juu tu.

3. Tandaza udongo sakafuni, shindilia, kisha sugua kwa jiwe laini. Pale ukuta unapokutana na sakafu, weka udongo wa kutosha pasibaki pembe ya kujificha.

4. Funika sakafu kwa magunia ili ikauke polepole. Nyufa ndogo zikitokea, nyunyiza maji na usugue tena.

5. Ukiwa na chokaa, paka ukutani. Chokaa huziba nyufa ndogo, na juu ya weupe mdudu huonekana upesi. Ukipata saruji kidogo, anza na chumba cha kulala, si sebule ya wageni.

Wengi wetu husiriba kwa samadi ya ng'ombe. Ninawaomba tusifanye hivyo katika chumba cha mzazi na mtoto mchanga. Katika samadi huweza kuwamo vijidudu vya pepopunda, navyo huingia kwa njia ya kitovu. Kitovu kisipakwe samadi, majivu wala udongo.

MAMBO YA KUEPUKA

Usinyunyize dawa ya pamba au ya mimea chumbani. Dawa ile ni sumu kwa mtu anayelala humo, hasa mtoto anayetambaa. Ukitaka dawa ya wadudu wa nyumbani, muulize bwana afya ikupasayo na namna ya kuitumia.

Usichanganye dawa ya klorini na dawa nyingine ya kusafishia. Mchanganyiko huo huweza kutoa hewa yenye sumu.

MEZA, VYOMBO NA MATAPISHI

Meza, ubao wa kukatia mboga na kichanja visuguliwe kwa sabuni na maji safi, vikaushwe juani. Kitambaa cha mezani kisitumike kufutia mikono ya watoto waliotoka chooni.

Kukiwa na mgonjwa wa kuhara au kutapika, maji matupu hayatoshi. Kama dawa yako ya klorini ina nguvu ya asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha dawa na vipimo 6 vya maji. Maji haya ni ya kusafishia mahali palipochafuka. Si ya kunywa wala ya kuoga. Kwenye saruji, mwagia, subiri dakika kumi, kisha safisha. Kwenye udongo dawa hupungua nguvu. Hivyo mwagia, kisha chota udongo uliochafuka kwa koleo, utupe chooni, na ujaze udongo mpya. Nawa mikono kwa sabuni.

KILA WIKI

Nyumba ikishakuwa safi, kuilinda ni kazi ndogo. Kila siku kunja mkeka asubuhi. Kila wiki anika matandiko na ukague pembe za chumba. Kila baada ya mvua tazama nyufa mpya. Kitanda kiwe mbali na ukuta, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Chandarua hukinga mbu, na humzuia papasi anayepanda kitandani.

Sakafu iliyoshindiliwa isiyo na vumbi humnyima makao funza pia. Mayai ya funza huanguka mavumbini na kukua humo humo, kisha funza humwingia mtoto mguuni.

UKIPATA HOMA

Usikae nyumbani ukisubiri homa ya pili. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, umwambie mganga waziwazi, "Nyumbani kwetu kuna papasi," au, "Nililala safarini katika nyumba yenye papasi." Maneno hayo machache humsaidia kujua kipimo cha kufanya. Mama mjamzito na mtoto mchanga wasicheleweshwe hata usiku mmoja. Usishangae kama baada ya dawa homa itapanda kwa saa chache. Jambo hilo hutokea, na ndiyo sababu mganga humtaka mgonjwa abaki karibu naye.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kufagia kila siku hakutoshi kumwondoa papasi?
2. Nani wako katika hatari kubwa zaidi nyumbani kwako? Kwa nini?
3. Udongo mzuri wa kusiriba unapatikana wapi katika kijiji chenu?
4. Katika kikundi chenu, nani ana mimba au mtoto mchanga, na nani hana nguvu za kuchimba udongo? Mtamsaidia lini?

KAZI YA KUFANYA

Leo kabla ya kulala, chukua taa na kijiti. Sogeza mkeka au kitanda, utazame pale ukuta unapokutana na sakafu. Hesabu nyufa utakazoziona na uandike idadi yake katika daftari. Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mmoja aseme alikuwa na nyufa ngapi na ameziba ngapi.